Mkutano Ukiisha, Kazi Iko Gilgil

Katika wiki ya mwisho ya Agosti 2000, viongozi wa dini wapatao elfu moja walikusanyika New York. Masheikh, marabi, maaskofu, watawa wa Kibudha, Wahindu na Masingasinga waliingia na mavazi yao katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mahali ambapo kwa kawaida huketi mabalozi na marais. Mkutano huo wa amani wa milenia ulifunguliwa tarehe 28 na kwisha tarehe 31, na wajumbe wakatia saini tamko la kulaani jeuri inayotendwa kwa jina la dini.

Siku nne kabla ya ufunguzi, asubuhi ya tarehe 24, mwili wa padri mmoja ulikutwa kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, kwenye njia panda ya Morendat, kati ya Naivasha na Gilgil. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Huyo alikuwa John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyefika Kenya mwaka 1964 na kuzeekea hapa. Watu waliofurushwa Enoosupukia mwaka 1993 walipokimbilia Maela, Padri Kaiser alikwenda kukaa nao kambini. Alikuwa nao pia Desemba 1994, wakati wa Krismasi, walipopakiwa kwenye malori na kutawanywa. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa kwa majina. Wapelelezi wa FBI walisema mwaka 2001 kwamba alijiua. Mahakama ya Kenya iliyochunguza kifo hicho ilikataa maelezo hayo mwaka 2007 na kuamua kwamba aliuawa. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Hakuna aliyepanga matukio hayo mawili yafuatane. Lakini mtu wa Gilgil akipata mwaliko wa kongamano la kimataifa la dini na amani, inafaa ayaweke yote mawili mbele yake. Mialiko kama hiyo huja. Humfikia mchungaji, imamu, katekista, mwalimu wa madrasa, mama wa chama cha kanisa au kijana wa kikundi cha amani. Na kabla ya kuhangaikia viza, kuna swali linalostahili jibu: akirudi nyumbani atakuwa na nini mkononi, na ataketi na nani?

Gilgil ni mji wa njiani. Anayetoka Nairobi huufikia baada ya kilomita kama 120, akishaipita Naivasha, na wenye malori huujua kwa mizani yake. Walioutazama kwa karibu wanajua mengi zaidi. Kuna kambi za jeshi. Kuna chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ambako vijana wa kila kabila wamepiga kwata pamoja kizazi baada ya kizazi. Kuna makaburi ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia, yanayotunzwa hadi leo na tume ya Jumuiya ya Madola. Mbele kidogo ni Kariandusi, ambako Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya watu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha Ziwa Elmenteita na flamingo wake.

Ugomvi wa mbali umewahi kuletwa hapa. Kuanzia mwaka 1947 hadi Julai 1948, Waingereza walifunga Gilgil mamia ya Wayahudi waliotolewa Palestina, watu wa vikundi vya Irgun na Lehi au walioshukiwa kuwa wa vikundi hivyo, baada ya kuwazungusha Eritrea na Sudan. Machi 1948 sita kati yao walitoroka, akiwemo Yaakov Meridor, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Israel. Shmuel Tamir, aliyekuja kuwa waziri wa sheria wa nchi hiyo, naye alikuwa mfungwa wa Gilgil. Hivyo wajumbe wa dunia wanapofika kwenye kipengele cha Israel na Palestina, nacho hakikosekani katika mkutano wowote wa dini, mjumbe wa Gilgil ana la kusema. Kipande cha historia hiyo kilizungushiwa seng'enge mjini kwao.

Mikutano ya dini zote ina umri mrefu. Bunge la kwanza la Dini za Dunia lilifanyika Chicago Septemba 1893. Lakini ule ulioweka amani kuwa shughuli yake kuu, na ambao matawi yake yalifika Kenya, ulianza Kyoto, Japani, Oktoba 1970. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Nikkyo Niwano, mtu aliyewahi kuuza maziwa jijini Tokyo kabla ya kushiriki kuanzisha jumuiya ya Kibudha ya Rissho Kosei-kai mwaka 1938. Japani ilikuwa bado inauguza makovu ya Hiroshima na Nagasaki, na vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea. Shirika lililozaliwa pale Kyoto sasa linaitwa Religions for Peace.

Nairobi ilionja jambo hili mapema. Novemba 1975 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano katika jumba la KICC, ambalo lilikuwa bado jipya, na kwa mara ya kwanza likaalika wageni watano wa dini nyingine: Mwislamu, Mhindu, Mbudha, Myahudi na Msingasinga. Watu watano tu, lakini walitosha kuzua mjadala mkali. Baadhi ya wajumbe walihofia kwamba mazungumzo na dini nyingine yangeishia kuchanganya imani. Hofu hiyo haijaisha na haifai kubezwa. Mchungaji wa Gilgil anayemwalika imamu kuzungumza na waumini wake ataulizwa jambo hilo hilo na wazee wa kanisa kabla chai haijapoa, na imamu anayekubali mwaliko ataulizwa vivyo hivyo msikitini. Wote wawili wanahitaji jibu walilolifikiria, kwa sababu wanaouliza wanaipenda imani yao.

Miaka tisa baadaye ulikuja mkutano wenyewe. Kuanzia tarehe 23 hadi 31 Agosti 1984, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa nne wa shirika lililozaliwa Kyoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza barani Afrika, baada ya Kyoto, Leuven na Princeton. Mada yake ilikuwa dini kwa ajili ya utu wa binadamu na amani ya dunia. Mamia ya wajumbe walijadili silaha za nyuklia na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, wakatoa Azimio la Nairobi.

Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa namna hii anajua mwendo wake. Kila siku dini moja huongoza sala na wengine hutazama kwa heshima. Kisha watu hugawanywa katika kamati, rasimu inazunguka, mmoja anadai neno liondolewe na mwingine anaapa kwamba bila neno hilo hatatia saini. Ukumbini hotuba huwa nzuri na ndefu. Mambo yenye uzito mara nyingi hutokea wakati wa kula.

Mfano ulio karibu na Bonde la Ufa ulionekana mbali sana na hapa. Bunge la Dini za Dunia lilipokutana Barcelona mwaka 2004, Masingasinga kutoka Uingereza walipika langar, mlo wa bure wa gurdwara, yaani hekalu lao, wakawalisha maelfu ya wajumbe. Kila aliyetaka kula alivua viatu, akafunika kichwa, akaketi sakafuni kando ya mtu asiyemjua. Kikundi kilichoandaa mlo huo ni Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha cha Birmingham, na mwanzilishi wake, Baba Puran Singh, alifahamika kwa jina la Kerichowale kwa sababu alikuwa ameishi miaka mingi Kericho. Gurdwara kubwa ya Kericho imejengwa kwa kumbukumbu yake, na msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa chakula pale. Dunia ilikwenda Hispania kuonjeshwa ukarimu ambao dereva wa lori anayepitia Kericho huukuta mezani bila kuulizwa dini yake.

Turudi 1984, kwa sababu mwaka huo una somo gumu. Miezi sita kabla ya wajumbe kuwasili Nairobi kuzungumzia utu wa binadamu, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa Wajir na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Ilikuwa Februari 10. Walizuiliwa pale kwa siku kadhaa katika jua kali, bila maji, na wengi wakauawa. Serikali kwa miaka mingi ilikiri vifo 57 tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilisema waliokufa walikaribia elfu moja.

Aliyewafuata majeruhi na maiti porini alikuwa mwanamke Mkatoliki kutoka Italia. Annalena Tonelli alikuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, miongoni mwa Waislamu pekee, wala hakuwa mtawa wala mjumbe wa shirika lolote kubwa. Yeye na wenzake waliokota waliokuwa hai, wakazika waliokufa, na wakahakikisha habari inatoka nje ya Wajir. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, na Oktoba mwaka huo huo akauawa Borama, Somaliland, katika hospitali aliyokuwa akihudumia.

Kongamano lililofumba jicho kuhusu jirani yake linapoteza nguvu ya kusema kuhusu walio mbali. Kenya ya 1984 haikuwa mahali pa kulitaja jina la Wagalla hadharani, na wageni wa nje huenda hawakuwahi hata kulisikia. Wenyeji ndio waliokuwa na mzigo wa kulibeba jina hilo hadi ukumbini. Hilo ndilo jukumu la kwanza la mjumbe anayetoka mahali pembeni: kuja na habari za kwao zilizo kweli, hata zile zinazoaibisha.

Hata hivyo si haki kusema mkutano wa 1984 ulipita bure. Baraza la Dini Mbalimbali la Kenya, IRCK, lilikua kutokana na tawi la Kenya la shirika lile lile lililozaliwa Kyoto, na Nairobi leo ni makao ya Baraza la Viongozi wa Dini la Afrika. Ndani ya IRCK wanakaa Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti, Wahindu na wengine. Vyombo kama hivyo havionekani sana siku za kawaida. Umuhimu wake ulijitokeza nchi ilipowaka moto.

Na hapa panahitaji ukweli mmoja ambao wageni wa makongamano hawauelewi upesi. Damu iliyomwagika katika Bonde la Ufa haikumwagwa na Waislamu dhidi ya Wakristo. Molo na Olenguruone mwaka 1992, Njoro mwaka 1998, Nakuru na Naivasha Januari 2008, waliokabana koo wengi wao walikuwa Wakristo kwa Wakristo. Waliimba nyimbo zile zile, wengine katika parokia moja. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa humo ndani. Tarehe 27 mwezi huo, katika mtaa wa Kabati mjini Naivasha, nyumba ilichomwa na watu 19 wakafia ndani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Wengine mamia ya maelfu walihama makwao, na baadhi yao walianza maisha upya katika vijishamba vya kando ya barabara hii, kutoka Maai Mahiu kupanda juu.

Sasa mjumbe wa Gilgil atafanya nini na mkutano unaojadili uhusiano wa dini mbalimbali, ilhali vita vya kwao ni vya ardhi, kura na kabila?

Jibu linapatikana kwa kuangalia kilichowapata viongozi wa makanisa wakati ule. Wengi walikuwa wameshachagua upande. Mchungaji alisema kama kabila lake, askofu akasikika kama mwanasiasa wa kwao. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilijitokeza na kuomba msamaha hadharani kwa kuegemea pande za kisiasa. Lilikuwa ungamo la kishujaa, lakini lilikuja nyumba zikiwa majivu. Wakati huo kanisa halikuweza kuwa mpatanishi wa waumini wake lenyewe. Alihitajika mtu wa nje ya ugomvi.

Mtu wa aina hiyo alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Alizaliwa Wajir mwaka 1964, Mwislamu, Msomali, mama wa watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilipokuwa zikichinjana, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kufukuzwa. Kutoka sokoni wakawaendea vijana, kisha wazee, na Septemba 1993 likapatikana Azimio la Al Fatah. Kamati za amani za wilaya zilizoenea Kenya nzima baadaye zilichota sana kutoka Wajir. Dekha alialikwa nchi nyingi kufundisha, akapewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Miezi michache baadaye Kenya ikapasuka. Dekha aliungana na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande na George Wachira, wakaunda kikundi cha Concerned Citizens for Peace. Walikutana kila asubuhi katika hoteli ya Serena, Nairobi, mlango ukiwa wazi kwa kila aliyekuwa na habari au wazo. Waliwafikia wanasiasa, wahariri, wafanyabiashara na vikundi vya mitaani, na wakasukuma mazungumzo yaliyofikisha mkataba wa Februari 28 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga. Mkikuyu hakuweza kumshuku Dekha kwamba ni wa Wakalenjin, wala Mkalenjin hakuweza kumshuku kwamba ni wa Wakikuyu. Hijabu yake, ambayo kwingine ingemfanya atazamwe kwa wasiwasi, hapa ilimpa nafasi ya kuaminika. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Ndiyo sababu mkutano wa dini mbalimbali una kazi Gilgil, na pengine kazi kubwa kuliko Mombasa. Mjini kuna msikiti. Nakuru kuna mahekalu ya Wahindu na gurdwara. Watu hawa ni wachache, hawana kura nyingi, na katika ugomvi wa mashamba ya Bonde la Ufa wengi wao hawana upande. Anayewafahamu kabla ya moto kuwaka atakuwa na wa kumpigia simu. Anayengoja mpaka moto uwake atawakuta wamefunga maduka.

Kaskazini mwa nchi mambo yamekuwa tofauti, kwani huko dini yenyewe ndiyo iliyotumiwa kuchagua nani afe. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Novemba mwaka huo Papa Fransisko alikutana na viongozi wa dini mbalimbali Nairobi, na kauli zikatolewa kwamba jina la Mungu lisitumiwe kuhalalisha chuki. Mwezi haukupita. Desemba 21, karibu na El Wak, washambuliaji walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwafunga wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hakuna anayejua kama yeyote ndani ya basi lile aliwahi kusoma tamko la kongamano. Waliyoyafanya yanastahili kusomwa katika kila kongamano, polepole, kabla ya hotuba ya ufunguzi.

Uganda nayo imeonyesha njia ya kwenda na kurudi kati ya ukumbi na barabara. Wakati wa vita vya waasi wa Joseph Kony, watoto wa vijiji vya Acholi walitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu ili wasitekwe. Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki, pamoja na viongozi wenzake wa Kianglikana, Kiorthodoksi na Kiislamu, walibeba magunia na mablanketi wakaenda kulala na watoto hao katika kituo cha mabasi. Walilala hapo usiku nne. Walikuwa wameshakwenda porini kuzungumza na waasi, wameshabishana na serikali, na wameshatetea Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, lakini picha ya maaskofu na sheikh wamejinyoosha juu ya saruji ndiyo iliyoamsha dunia. Mwaka 2004 umoja wao, unaojulikana kwa kifupi ARLPI, ulipewa Tuzo ya Amani ya Niwano nchini Japani, tuzo yenye jina la yule mwuza maziwa wa Tokyo. Waliitwa kwenye jukwaa la dunia kwa sababu ya saruji ya Gulu.

Kaunti ya Nakuru ina tendo lake la kujivunia, ingawa halitajwi vya kutosha. Baada ya 2008, wazee wa Agikuyu na wa Kalenjin walianza vikao vilivyochukua zaidi ya mwaka, wakisaidiwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na wapatanishi wengine. Wazee hawakuruka mambo machungu. Walizungumzia ardhi, siasa za uchaguzi, na yaliyotendwa na kila upande. Agosti 2012 walitia saini mkataba wa amani wa kaunti. Uchaguzi wa Machi 2013 ukapita bila Nakuru kurudia ya 2008. Ni kweli kwamba wakati huo vigogo wa jamii hizo mbili walikuwa wameungana katika muungano mmoja wa kisiasa, na muungano huo ulipunguza joto. Lakini mwanasiasa huungana leo na kuachana kesho, na mkataba wa wazee uliandikwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mkataba huo ulikuwa na pengo, na pengo hilo lapaswa kusemwa. Meza ya wazee kwa desturi ni ya wanaume, na wenye umri. Waliorusha mawe mwaka 2008 walikuwa vijana, na waliolala kwenye mahema uwanjani wakitafuta unga na dawa walikuwa zaidi akina mama. Wajir ilianzia sokoni kwa wanawake ndipo ikafika kwa wazee. Nakuru ilianzia kwa wazee, na bado inahitaji kufika sokoni.

Kwa hiyo anayealikwa kutoka Gilgil afanye nini? Kwanza ahakikishe mwaliko ni wa kweli. Bunge la Dini za Dunia hutoza ada ya kujiandikisha hadharani, na wajumbe wa Religions for Peace hupitia mabaraza ya nchi zao, kwa hiyo IRCK yaweza kuulizwa. Barua inayosifu mno na kudai pesa zitumwe upesi kwa simu ya mtu binafsi itupwe. Wahubiri wengi wazuri wameachwa na madeni kwa tamaa ya safari. Akishapata uhakika, asiende peke yake ikiwezekana. Mchungaji na imamu wa mji mmoja wakisafiri pamoja, wakakosa usingizi pamoja kwenye ndege na kugawana adapta ya kuchajia simu, watarudi wamefahamiana kuliko walivyofahamiana miaka kumi mtaani.

Huko aulize wenzake maswali ya kazi. Nani alimpigia nani simu usiku wa kwanza? Chakula cha waliokimbia kilihifadhiwa wapi, na nani alishika ufunguo? Mlifanya nini na mchungaji aliyechochea, au sheikh aliyechochea? Watu wa Gulu wanaweza kuyajibu hayo, na wa Wajir pia. Majibu ya namna hiyo hayamo kwenye tamko la mwisho, ambalo kwa kawaida limeshaandikwa kabla wajumbe hawajatua.

Na akirudi, asiishie kutoa shukrani madhabahuni na kuonyesha picha. Kuna wiki tayari kwenye kalenda. Umoja wa Mataifa uliidhinisha Wiki ya Uelewano wa Dini Duniani Oktoba 2010, kwa pendekezo la Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan, na tangu 2011 huadhimishwa wiki ya kwanza ya Februari. Haihitaji hoteli. Kikao kinaweza kufanyika katika ukumbi wa kanisa siku moja na uani mwa msikiti siku nyingine, wakaitwa wenye bodaboda, akina mama wa soko, walimu, maafisa wa kambi na wa NYS, na watu waliohamia hapa baada ya 2008 ambao bado hawana hatimiliki ya vijishamba vyao. Ajenda isianze na amani ya dunia. Ianze na namba za simu: nani atapigiwa, na nani atampigia, uvumi ukianza kusambaa saa nne usiku.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangwa kufanyika Agosti 2027. Wiki ya dini ya mwaka huo itaangukia Februari, miezi sita kabla ya kura.